Siku ya Kumwaga Sakafu

Siku ile, mwanangu, siikumbuki kwa macho. Naikumbuka kwa masikio. Nasikia mabeleshi yakikwaruza bati, zege likigeuzwa, na nyuma yake kicheko cha vijana waliokuja kufanya kazi wasiifanye. Ilikuwa asubuhi, nje kidogo ya Garsen, mwaka uliofuata zile mvua za El Nino zilizoufanya mto Tana uvunje kingo ukaja kulala majumbani mwetu. Nilikuwa msichana wa chuo, nimevaa kofia ngumu ya njano iliyonishinda kichwa, na moyoni nimeshajiapiza: kazi ya leo ikiharibika, chuoni sirudi tena.

Ngoja nikae vizuri nikuanzie mwanzo. Nasikia nawe umepata nafasi ya kusomea usimamizi wa ujenzi, na watu wameshaanza kukuuliza maswali. Mimi pia niliulizwa.

Kwetu sisi Waorma, kama ujuavyo, nyumba ni ya mwanamke. Yeye hukata fito, huzikunja, huzifunga kwa kamba, huezeka nyasi mpaka nyumba ikakaa kama bakuli lililofunikwa. Kazi ya mwanaume ni ng'ombe na visima. Nyumba huikuta imekwisha, akainama akaingia, akauliza maziwa yako wapi. (Usicheke. Babu yako alikuwa hivyo hivyo, na alikuwa mtu mwema.) Bibi yangu mzaa mama, Bibi Habona, alikuwa mjenzi ambaye wanawake wenziwe walimwita hata kutoka malishoni mbali. Fundo alilolifunga yeye, upepo ulilizunguka ukaenda zake.

Mimi lakini niliota nyumba za mawe. Kila lori lililopita barabara ya Malindi limebeba mawe na mabati, nililisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia. Nilisoma kadiri nilivyoweza. Shule yangu haikuwa ndefu, lakini ilinitosha kupata nafasi ya cheti cha usimamizi wa ujenzi katika chuo kimoja cha Mombasa. Bibi alipoambiwa alistaajabu. Hakustaajabu kwamba mwanamke atajenga. Alistaajabu kwamba jambo hilo linahitaji kupanda gari.

"Kujenga hufundishwa na mamako," alisema. "Huko Mombasa mamako ni nani?"

Kumbe Mombasa mambo yako kinyume. Siku ya kwanza naingia darasani, wavulana watupu. Mwalimu akanitazama juu ya miwani.

"Dada, ushonaji ni mlango wa pili."

"Nimekuja kujenga, mwalimu."

"Mwanamke?"

"Kwetu, mwalimu, mwanaume akishika ufito wa nyumba, watu humwuliza kama mkewe ni mgonjwa."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akavua miwani akafuta macho. Toka siku hiyo jina langu Hawa likafa, nikawa Ufito. Nilikuwa mwembamba pia, basi jina likanikaa. Kila aliyenitania nilimsimulia wanawake wa kwetu, jinsi wanavyohamisha mji mzima na kuusimamisha mahali pengine kabla jua halijawa kali. Niliwasifu, mwanangu. Niliwasifu mbele ya watu wasiowajua. Lishike hilo, tutalirudia.

Masomo niliyapenda. Tulifundishwa kupanga kazi: nani aanze, nani afuate, kokoto zifike lini, maji yatoke wapi. Mimi niliona ni kama kupika pilau ya harusi. Nyama haiwezi kungoja mchele, na mchele hauwezi kumngoja mpishi aliyekwenda kutazama ngoma. Hesabu ndizo zilizonitoa jasho, lakini haba na haba hujaza kibaba, nikasogea.

Hata hivyo kuna siku kicheko kilikuwa kitamu, na kuna siku kilikuwa na mfupa ndani yake. Mvulana mmoja aliniambia tulipokuwa tunatoka darasani, "Ufito haubebi zege, dada." Hakusema kwa ubaya sana. Lakini neno lile lilinifuata mpaka kitandani, na shaka ni kama maji ya mafuriko, haibishi hodi. Nikaanza kujiuliza kama kweli nimepotea mlango.

Ulipofika wakati wa kwenda kujifunzia kazini, niliomba nipelekwe kwetu. Kulikuwa na shule iliyobomolewa na maji, watoto wanasomea chini ya turubai, na sasa ilikuwa inajengewa darasa la mawe. Fundi mkuu alikuwa Fundi Komora, Mpokomo wa kijiji cha Ngao, mtu mfupi, mpana, mwenye utani usioisha. Aliponiona tu na kofia yangu alipaza sauti:

"Msimamizi amefika! Mleteeni kiti! Mleteeni na mwavuli!"

Kisha akanipa beleshi.

Alinipenda, na mimi nilimpenda. Msingi ulipokwisha, na kifusi kikashindiliwa juu ya ule udongo wetu mweusi unaovimba ukinyeshewa, Fundi Komora aliniita pembeni. "Sakafu ni yako," alisema. "Wewe utapanga watu. Mimi nitapanga kunyamaza."

Sasa nikueleze, maana wewe bado hujaingia darasani. Zege la sakafu ukilianza umelianza. Ukifika nusu ukaacha likakauka, kesho ukaja kuunganisha, pale katikati panabaki mshono, na mshono ule ni ufa unaongoja siku yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na simiti tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo hiyo. Barabara ilikuwa bado na vidonda vya mafuriko, lori jingine lisingefika kabla ya masika. Tukiharibu, watoto watanyeshewa tena.

Nikapanga watu wangu. Mafundi wa Komora walikuwa wachache, niliwahitaji wabebaji wengi. Nikamwendea Galgalo, mtoto wa mjomba wangu, kijana mwenye mabega mapana kama nira. Ng'ombe wao wengi walikuwa wamekufa baada ya mafuriko, wale vijana walikuwa wanashinda wakitazamana.

"Njoo na wenzako, kuna kazi shuleni," nilimwambia.

"Tutakuja, dada."

Sikumwambia kazi gani, naye hakuuliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wetu sote wawili.

Basi asubuhi ile mafundi wameshaanza kumwaga kona ya kwanza, ndipo vijana wakatokea, warefu, fimbo mabegani, wamependeza kama wanakwenda kuposa. Galgalo akautazama msingi. Akaliangalia zege. Akaniangalia mimi.

"Hawa, hii ni nyumba."

"Ni darasa, Galgalo."

"Litakuwa na mlango?"

"Litakuwa nao."

"Litaezekwa?"

"Litaezekwa."

"Basi ni nyumba." Akawageukia wenzake. "Jamani, tumeitwa kujenga nyumba!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. "Sisi tulidhani mnachimba kisima!" alisema mwingine. "Mama yangu akinikuta hapa, atanivisha na ushanga."

"Nipeni leo tu," niliomba. "Leo tu, ndugu zangu."

Galgalo akaacha kucheka. "Dada, ng'ombe wamekwisha. Tumebaki na uanaume wetu tu. Nao unataka tuumwage kwenye sakafu?"

Hata leo nikilifikiria neno lile, siwezi kumlaumu. Wakaenda wakakaa juu ya rundo la mawe, fimbo magotini. Fundi Komora, aliyekuwa ameahidi kunyamaza, akapangusa jasho.

"Msimamizi," aliniambia, "zege halijui mila za mtu. Linakauka."

Nikakimbia. Sikujua nakwenda wapi, lakini miguu ilijua. Nyuma tu ya shule, pale palipoinuka kidogo, wanawake walikuwa wanajenga upya nyumba zilizochukuliwa na maji. Bibi Habona alikuwa anafunga fito. Nilimfikia nikiwa nalia, kofia imeniangukia puani.

"Bibi, nimeshindwa. Mombasa sirudi. Nitakaa hapa nifunge fito na wewe."

Hakugeuka. Alilimaliza fundo lake kwanza, akalivuta, akalipima kwa kidole gumba.

"Umemwita nani kwenye kazi yako?"

"Galgalo na wenzake."

"Kwa nini wao?"

"Wana nguvu."

"Na nyumba wanajua kujenga?"

Ndipo akageuka. Bibi yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema taratibu, kama anayepekua nywele za mtoto.

"Ulipokuja likizo ulitusimulia kwamba huko Mombasa wakikucheka, unawaambia kwetu wajenzi ni wanawake. Mimi siku ile nililala nina furaha. Haya, umepewa nyumba ya kujenga, nayo iko mlangoni petu. Kila asubuhi unapita hapa na kofia yako, salamu unatoa, vizuri, una adabu. Lakini hukusema hata mara moja, 'Bibi, njoo.' Kule umetusifu. Hapa umetuacha nje. Sifa haishiki ufito, mama."

Neno lile liliniingia. Sikuwa nimewadharau. Nilikuwa nimewasahau. Lakini aliyesahauliwa atajuaje tofauti? Picha zote za vitabu vyetu chuoni zilikuwa za wanaume wenye kofia, nami bila kujijua nikaja nyumbani kutafuta picha ile. Nilikuwa nimezungukwa na wajenzi, nikaenda kuwabembeleza wachungaji.

"Nyumba ile ni ya nani?" Bibi aliniuliza.

"Ya watoto."

"Basi kila mwenye mtoto ndiye mwenye nyumba. Nyanyuka."

Alinipa kibakuli chake cha mti. Bibi alikuwa na desturi yake: mwenye nyumba hatumi mjumbe, huenda mwenyewe, mlango kwa mlango, na buni zilizokaangwa kwa samli. Humtaja mtu jina lake, akampa punje, akasema, njoo uniwekee mkono. Ukipokea punje umekubali. Nikaenda. Wa kwanza nilimkuta na mzigo wa nyasi kichwani. Nikamtaja jina, nikamnyoshea kibakuli. Aliutupa mzigo pale pale.

"Wee Hawa! Mimi siku zote nangoja niitwe. Nikadhani mawe hayataki mikono ya wanawake."

Wa pili aliniambia hivyo hivyo. Wa tatu aliniuliza mbona nimechelewa.

Walikuja, mwanangu, na masufuria, na makarai, na makopo ya samli yaliyokwisha samli. Mafundi wa Ngao walisimama wakishangaa, mmoja na mwiko umemkauka mkononi. Bibi aliwapa nao punje za buni, kisha akawapanga wanawake mstari, kama wanavyojipanga kupandisha nyasi kwa aliye juu ya nyumba, na zege likaanza kupita mkono kwa mkono. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na mkono mmoja haumwagi sakafu.

Usidhani elimu yangu ililala siku ile. Wanawake waliona zege ni zito, wakataka kuliongeza maji liwe jepesi. Nikaruka. "Maji yakizidi, sakafu itatoa vumbi mpaka watoto wenu wakohoe!" Wakaelewa mara moja, maana hata udongo wa kukandika una kiasi chake. Nikawapa warefu upande wa mbali, wenye mgongo mbaya nikawaweka kwenye kokoto, mama mmoja mwenye sauti nzuri nikamwachia wimbo. Kazi ikawa inakwenda kwa mapigo ya wimbo ule. Nilihisi kama vitabu vyangu vimeota miguu.

"Fundi," mama mmoja alimwita Komora, "uji wenu huu mbona hauna sukari?"

"Onja, mama," alijibu Komora, "ila meno utayaacha humo."

Walicheka mpaka mstari ukataka kukatika.

Tulipopita nusu, tenki likaanza kugonga utupu. Maji yanakwisha na mtoni ni mbali, na mstari wangu sikuweza kuuvunja. Nikasimama nimeshika kiuno. Ndipo Galgalo akainuka kutoka kwenye mawe yake, akajinyosha, akawatazama punda wa kijiji waliofungwa kando, akasema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Punda wana kiu."

"Nini?" nikamwuliza.

"Nasema punda wana kiu. Kunywesha wanyama ni kazi ya mwanaume. Nitawapeleka mtoni. Wakirudi na mitungi mgongoni, hayo ni mambo ya punda, mimi simo."

Mama yake alifunika mdomo kwa ukaya wa kichwani, mabega yakimtetemeka. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale vijana wakafuatana na punda kwa heshima zao zote, na maji yakafika, na yakafika tena, na hakuna mwanaume hata mmoja wa kwetu aliyejenga nyumba siku ile.

Jua lilipoanza kulegea, Fundi Komora alivuta ubao wa kusawazisha mara ya mwisho, akatoka kinyumenyume. Sakafu ilikuwa moja. Mshono haukuwepo. Akaniangalia, nikaona safari hii hana utani.

"Nimemwaga sakafu nyingi," alisema, "lakini sijawahi kumwaga moja nina samli mdomoni. Rudi chuoni, binti. Mwalimu wako akiniuliza, nitamwambia ufito umebeba zege."

Nilikuwa nimemsimulia lile neno. Sikujua kwamba alilihifadhi.

Bibi alikuwa ameinama ukingoni, anaitazama sakafu bila kuigusa. Nikachuchumaa kando yake.

"Nyumba zangu zote maji yamezichukua," alisema. "Hii, maji yakija?"

"Yataingia, Bibi. Yatatoka. Yenyewe itabaki."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi rudi ukajifunze za kubaki. Za kuhama nazo nimeshakufundisha mimi."

Nikarudi. Kabla sijaondoka, wanawake walikuwa wanakuja kila asubuhi kuinywesha sakafu maji ili isipasuke, kama wanavyomwogesha mtoto mchanga, kila mmoja akidai upande wake. Darasani Mombasa yule mvulana akanitania tena kuhusu ufito. Nilimpa punje ya buni nikamkaribisha kwetu. Tukawa marafiki.

Shule ile ipo hadi leo. Kuna ufa mdogo karibu na dirisha, huo ni udongo wetu mweusi, si sisi. Nimejenga mengi tangu hapo, mengine mazuri, mengine ya kawaida, na kila nikipita pale huvua viatu nikakanyaga sakafu. Galgalo naye siku hizi ana nyumba ya mawe. Mkewe ndiye aliyenipa kazi ile. Yeye alileta punda.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Nenda chuoni, usiogope. Hesabu zikikushinda leo, kesho zitachoka zikuachie. Wakikucheka, cheka nao, lakini kiti chako usikiache. Soma kila kitu, maana moyo mzuri haushikilii ukuta usio na kipimo. Na siku utakayopewa watu wa kuwapanga, usikimbilie picha ya kitabuni. Tazama kwanza mlango unaoupita kila asubuhi ukitoa salamu. Watu wako usiwasifu mbali ukawasahau karibu. Waite, nenda mwenyewe, kwa majina yao. Asiyeweza kushika kazi yako usimvunje heshima, mtafutie punda wake. Mwacha asili ni mtumwa, lakini anayeitaja asili mdomoni tu bila kuipa kazi, huyo naye sijui tumwiteje.

Mungu akupe ardhi isiyovimba na mvua inayongoja zege lako likauke. Akupe fundi mwenye utani na rafiki anayekuambia ukweli taratibu. Siku utakayochoka ukataka kurudi nyuma, akupe mtu anayemaliza fundo lake kwanza ndipo akugeukie. Na kila utakachokijenga, waingie humo watoto wacheke.

Kibakuli cha Bibi ndicho hiki, kimeingia weusi kwa samli ya miaka. Nyosha mkono. Nimekuja mwenyewe, sikutuma mjumbe. Pokea punje yako, nami nilitaje jina lako.